Koti la Picha

Jerop alipofunga kifungo cha mwisho, mama yake akaanza kulia kwa furaha.

Hivyo ndivyo sisi tunaotafutia chuo wanafunzi tulivyofundishwa. Ukifika sokoni, iwe Turbo au Kaptagat, mvalishe msichana koti jeupe la nesi umpige picha. Mzazi akishamwona hivyo, hawezi kukataa tena.

Koti lilikuwa kubwa. Kola yake ilikuwa na weusi wa shingo za wasichana wengine.

"Sasa nitakuwa nesi wa kweli, Mzee?" Jerop akaniuliza.

Asubuhi hiyo, tukitoka Eldoret kuja Turbo, nilikuwa nimemuuliza mkurugenzi wa chuo kama serikali imekubali kozi yetu ya unesi. Alicheka. "Bado, Mzee. Wewe jaza darasa. Hayo mengine tuachie sisi tuliosoma."

Waliosoma ndio hao. Mke wangu alifia kwa benchi ya hospitali, na waliosoma wakaniambia manesi hawatoshi. Leo wananituma niuze unesi wa uongo.

"Mama, usimlete kwetu," nikasema.

Akafuta macho. "Kwani hajapita mtihani vizuri?"

"Amepita vizuri kabisa. Ni sisi tumeanguka."

Dereva, shemeji ya mkurugenzi, akatoa kichwa dirishani mwa gari. "Mzee, unaongea nini hapo?"

Nikachukua maikrofoni ya chuo, nikafungua spika iliyo juu ya gari mpaka mwisho.

"Wazazi wa Turbo," nikasema, "hiki chuo hakina ruhusa ya kufundisha unesi."