Namba Halisi

Karatasi ilitoka kwenye printa ikiwa bado ya moto, na haikuwa yake. Mhariri wa habari za fedha aliichukua kimakosa, akajikuta ameshika orodha ya mishahara ya chumba kizima cha habari.

Miaka kumi na mmoja kazini, shahada mbili, na bado msaidizi wake alikuwa anamzidi mshahara mara mbili! Msaidizi huyohuyo ambaye juzi tu alikuwa hajui tofauti ya faida na mapato, mpaka akafundishwa na yeye. Shemeji wa mhariri mkuu.

Alirudi nayo mezani. Ukurasa wa kesho ulikuwa unamsubiri, ile makala yao ya kila mwaka kuhusu nani analipwa nini. Safari hii ilikuwa zamu ya mishahara ya wahariri wa fedha.

"Mama, bado tu?" mhariri mkuu alifoka kutoka mlangoni. "Na sitaki makisio. Nataka namba halisi!"

"Nimezipata sasa hivi, bosi."

"Na mambo yanayopandisha mshahara?"

"Uzoefu, elimu, ukubwa wa gazeti."

"Safi. Peleka mtamboni. Sina haja ya kuisoma, nakuamini."

Akaenda zake akipiga mluzi.

Karatasi ilikuwa imeshapoa. Yeye, bado. Akaingiza mshahara wake, kisha wa msaidizi wake, hadi senti ya mwisho. Halafu, chini ya uzoefu, elimu na ukubwa wa gazeti, akaongeza sababu ya nne: dada yako awe ameolewa na mhariri mkuu.

Akabonyeza "Tuma".