Maji ya Bi Tausi

Daktari Mbwilo alifika kwenye usaili chuoni akihema. Ilikuwa mara yake ya nne kuomba nafasi ya kusomea ubingwa wa upasuaji. Bi Tausi, karani wa ofisi, alimwekea glasi ya maji mezani.

"Karibu, mwanangu. Kunywa kwanza, upumue."

"Sikuja kunywa maji," alimkatiza bila hata salamu. "Waambie nimefika."

Kwenye usaili alijibu kila swali. Alitoka akitabasamu, akaketi kusubiri majibu. Punde profesa aliyeongoza usaili akachungulia mlangoni.

"Bi Tausi, njoo na daftari lako. Tuambie kila mwombaji aliongeaje na wewe hapa nje, ndipo tuamue."

Bi Tausi akachukua daftari. Mbwilo akasimama.

"Shikamoo, mama. Nakuomba. Umri wa kuomba unaniishia mwaka huu."

Bi Tausi alilipachika daftari kwapani. Kisha akaingia, akaurudishia mlango taratibu.

Glasi ilikuwa palepale, imejaa. Mbwilo akaishika kwa mikono miwili, akaanza kunywa, maji yakimchuruzikia kwenye tai, macho yake yakiwa kwenye kitasa cha mlango.