Pengwini wa Kila Jumapili

“Anasema, ‘Nenda tu harusini, mke wangu, yai nitabaki nalo mimi,’” fundi saa alitafsiri, akimwonyesha kwa kidole pengwini dume kwenye televisheni.

Mkewe akacheka. Jumapili iliyopita pengwini jike alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake. Ile ya kabla yake, alikuwa amenuna kwa sababu mume anakoroma. Filamu ilikuwa ile ile ya maisha ya ndege wa barafuni, yai lile lile juu ya miguu ya baba, lakini bibi huyu hakuichoka. Mara nyingine alianza kucheka hata kabla mumewe hajafungua mdomo.

Tatizo ni kwamba fundi saa hakuijua lugha ya filamu ile hata ya kuombea maji. Enzi za uchumba, shangazi aliyemlea binti huyu, ambaye alikuwa yaya wa watoto wa wageni, aliapa hamwozi ila kwa kijana anayeijua lugha yao hiyo. Kijana akakariri sentensi tatu, akazitamka kwa madaha, akapewa mke. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikuwa imefika hadi kwa wajukuu.

Leo mwisho wake ulikuwa umekaa sebuleni, umekunja nne. Mjukuu alikuwa amemleta mchumba wake, injinia, ambaye lugha ile aliinyonya kwa mama yake. Kiswahili alikijua kidogo, cha kutosha kumuumbua mtu.

“Babu, endelea basi,” mjukuu alisema. “Mwenzangu naye asikie.”

“Koo limenikauka, mjukuu wangu. Tuzime, tule.”

“Hatuzimi,” mkewe alisema, akimsogezea glasi ya maji. “Kunywa, baba watoto. Huyo mke amesharudi kutoka harusini. Anasema nini?”

Pengwini jike alinyoosha shingo, akalia. Msimulizi akaeleza jambo refu, kwa sauti nzito ya msibani. Fundi saa akajifuta jasho kwenye kipara.

“Anasema... ‘Nimekufichia kipande cha keki. Hivi, hili yai mbona chafu?’”

Injinia alikunja uso. Akatazama televisheni, akamtazama mzee, akakohoa.

“Samahani, Babu. Nafikiri yeye hasemi...”

Fundi saa akafumba macho, akingoja ndoa nzima imporomokee.

Badala yake akasikia sauti nyororo ikitiririka kwa lugha ile ile ya filamu, bila kujikwaa hata mara moja. Injinia akaitika kwa adabu, akaigeukia televisheni.

Fundi saa alifumbua macho. Mkewe alikuwa ameinama kumwelekea mgeni, mkono begani mwake. Kisha akajiegemeza tena kwenye kochi, akavuta shuka miguuni.

“Nimemwambia asikukatize,” alisema. “Haya, yule mume akajibuje kuhusu yai?”