Atakayeshuka Kwanza

Moshi wa Kelestini ulichelewa kupanda asubuhi ile, na Tadei akafurahi mpaka akasahau mgongo unaomuuma.

"Amekwisha huyo," alisema peke yake juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia mpunga, huku akijifunika koti lake la jeshi. "Mtu akishindwa kuwasha moto, amekwisha."

Mambo hayo aliyajua. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akafika Burma, akarudi Ifakara na ukoplo wake. Huko, alipenda kusimulia, walikaa wakitazamana na Wajapani ng'ambo ya mto bila kupigana, na kazi ya koplo ilikuwa moja tu: kujua upande upi unaumia zaidi. Unatazama moshi. Unasikiliza kikohozi. Adui akipunguza kupika, vumilia kidogo tu.

Sasa adui alikuwa Kelestini, jirani yake wa shamba, mtu ambaye juzi juzi tu alikuwa akinywa naye kibuyu kimoja. Kelestini alikuwa amesema kilabuni Kibaoni kwamba Tadei ni koplo wa pombe, na kwamba hata msimu huu atashuka dunguni kabla mpunga haujakomaa. Digna, mke wa Tadei, ndiye aliyeyafikisha maneno hayo nyumbani, machozi yakimlenga. Loo! Tadei hakula siku ile. Alibeba debe lake la kufukuzia ndege, akapanda dunguni, akaapa hashuki mpaka Kelestini ashuke kwanza.

Na tuseme ukweli, mwaka uliopita alishuka. Walishuka wote wawili, tena wameshikana mabega, wakaenda kunywa. Ndege kwelea wakashuka nao, wakaumaliza mpunga ungali na maziwa. Watoto wakala mihogo michungu na maembe mabichi, na kitinda mimba wa Digna akavimba miguu na uso. Mtoto yule asingeweza kuvuka njaa nyingine kama ile. Digna alilijua hilo kila alipomfunga mgongoni. Tadei naye alilijua, lakini habari aliyoizungumza kutwa ilikuwa ya Kelestini.

Basi ikawa vita. Kulipopambazuka kwelea wakaja kwa maelfu. Tadei alipiga debe, akarusha udongo kwa kombeo, wakahamia kwa Kelestini. Kelestini akapiga debe lake, wakarudi kwa Tadei. Atakayechoka ndiye angewalisha ndege wote wa bonde la Kilombero. Mvua ya masika iliwanyeshea wote wawili na mbu wakawauma bila upendeleo.

Mchana Digna alileta chakula na habari. Alikuwa akichota maji kisima kimoja na Yosefina, mke wa Kelestini, kwa hiyo upande wa pili aliuona vizuri.

"Za huko?" Tadei aliuliza hata kabla ya kufunua chungu. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Baba Teofili, yule mtu namhurumia. Jana alipiga debe ameketi. Leo analipiga amelala."

"Amelala! Chali au kifudifudi?"

"Chali."

Tadei alitafuna taratibu, akipima. "Chali bado ana nguvu kidogo. Siku akilala kifudifudi, njoo mbio uniambie."

Digna akaahidi.

Halafu homa ikamkamata Tadei. Alitetemeka mpaka dungu zima likawa linalia. Digna alipofika alimkuta ameshateremsha mguu mmoja kwenye ngazi.

"Mama Teofili, mimi basi. Kelestini ashinde tu, potelea mbali. Mpunga si umekaribia?"

Digna aliutazama mpunga. Masuke yalikuwa bado mabichi, na juu ya matete kwelea walikuwa wanazunguka. Mtoto mgongoni alianza kulia. Mumewe alikuwa akiungua kwa homa kweli, naye alimpenda.

"Shuka tu, baba, afya kwanza," alisema. "Tena mtakutana njiani. Nimetoka kumwona sasa hivi, kalala kifudifudi."

Mguu wa Tadei ulirudi juu wenyewe.

"Nipe hilo debe!"

Digna akampa kwinini kwanza. Kisha akapanda, akamlaza, akamwekea mtoto pembeni, akalipiga debe yeye mwenyewe mpaka mikono ikamfa ganzi. Kutoka upande wa pili debe la Kelestini liliitika, polepole.

"Unasikia?" Tadei alinong'ona chini ya koti, meno yakigongana. "Hicho ni kifudifudi kabisa."

Homa ikapoa. Mpunga ukakauka, ukainama, ukavunwa wote. Watu wa Kibaoni walisema hawajaona mavuno kama yale kwenye mashamba yale mawili, maana Kelestini naye alijaza ghala. Nani alishuka kwanza haikujulikana. Wanaume wale hawakusemezana. Kila mmoja alichagua kilabu chake, akakaa huko kutwa akieleza alivyomshinda mwenzake.

Siku moja Digna na Yosefina walikuwa nyuma ya nyumba wakitwanga mpunga mpya katika kinu kimoja, mchi mmoja ukipanda na mwingine ukishuka. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, mashavu yamejaa wali.

"Wangu amekonda mno," Yosefina alisema.

"Wangu zaidi."

Walicheka mpaka wakaachia michi. Yosefina akajifuta jasho kwa ncha ya khanga.

"Sasa mwakani, mwenzangu," akauliza, "tuseme nani kamtukana nani?"