Mifupa Minane

Tunu alikuwa na barua mbili za kukubaliwa kusomea udaktari, na jibu lilitakiwa kesho yake, kwa hiyo alivitembelea vyuo vyote viwili. Chuo cha kwanza kilibandika ukutani nafasi ya kila mwanafunzi katika mtihani. Huko, sanduku la mifupa minane ya kifundo cha mkono lilikuwa na mitano tu.

"Mingine hufichwa kabla ya mtihani, wenzao wasiisome," mwanafunzi aliyemtembeza alimwambia.

Chuo cha pili kilitangaza waliofaulu tu, bila nafasi. Tunu, aliyezoea kuwa wa kwanza, alifungua sanduku lao akahesabu. Yote minane ilikuwemo.

"Dada, umetumwa na polisi?" mwanafunzi mmoja alimtania. "Hesabu, lakini uirudishe. Mwenzetu Shaibu bado inamchanganya, jioni tunamfundisha."

Tunu akairudisha mmoja mmoja. Wa mwisho, mdogo kama njegere, aliushika kiganjani hadi ukapata joto, kisha akauweka na ile mingine saba.