Miwani ya Namba Saba

Simu ya maiti namba saba ilikuwa na ujumbe mwingine.

Mhudumu wa mochari aliisogeza dirishani. Juu ya kioo ilikaa ile alama ya ujumbe wa sauti, viduara viwili vilivyoungwa kwa kistari kama miwani, na pembeni yake tarakimu: 3. Jana ilikuwa 2. Juzi, 1.

"Huyu kapendwa," alimwambia mlinzi. "Wengine tuko hai na hatupigiwi hata kwa kukosea namba."

Simu ilifungwa kwa namba ya siri, kwa hiyo ujumbe ulionekana tu, haukusikika. Mwenyewe aligongwa na lori Jumapili. Uso haukubaki wa kutazamwa, na mfukoni hakuwa na kitambulisho. Polisi waliahidi kuifuatilia laini. Kwa kuahidi, hawajambo. Asipojitokeza ndugu hadi Ijumaa, manispaa ingemzika bila jina.

Ndiyo maana kila jioni mhudumu aliiwasha kwa robo saa, akiomba mtu apige. Hakuna aliyepiga. Akaizima kutunza chaji, akairudisha kwenye droo.

Mlinzi alishikilia kwamba anayeacha ujumbe ni mke. Mhudumu alikataa: mke angekuwa ameshakuja mwenyewe, na matusi yake mkononi.

Mhudumu naye alikuwa na mtu wake wa kumtafuta. Mama yake alikuwa mahututi, na kila alipopata nguvu ya kusema alimwulizia kitindamimba wake, aliyehama nyumbani miaka sita iliyopita baada ya kuzabwa kofi na kaka mtu. Kaka mtu ndiye huyu mhudumu. Namba mpya ya mdogo wake aliitoa kwenye daftari la mama, na tangu Jumatatu aliipiga kila mchana, akishamaliza kula. Haikupatikana hata siku moja. Siku ya kwanza aliacha maneno ya upole. Alhamisi uvumilivu ulimwishia.

"Wewe dogo, mama anaondoka na wewe umenuna. Endelea kunikaushia. Siku ukifa nitakufukia na kwenda kula."

Ijumaa asubuhi walimzika namba saba. Mhudumu alishika upande wa kichwa, akatania kwamba marehemu hakuwa mtu wa kula sana. Mlinzi alicheka, kisha akatazama chini. Kaburini walichomeka kibao chenye tarakimu moja.

Aliporudi ofisini alinawa, akala. Utaratibu ulitaka simu iwashwe mara ya mwisho kabla polisi hawajaichukua. Aliiwasha, akaandika kwenye fomu: jumbe za sauti, nne, hazijasikilizwa. Akaitia kwenye bahasha, akasahau kuizima.

Kisha akatoa simu yake, akampigia mdogo wake.

Leo iliita. Mhudumu alisimama, akakohoa, akatafuta sauti ya kuombea radhi.

Mezani, bahasha ikaanza kutetemeka.