Nyumba Namba Kumi na Saba

Gari la kwanza lilipofika, Istahil alisema ana watoto wanne. La pili, saba. La tatu, hana hata mmoja.

Yote matatu yalikuja juma moja, kwenye nyumba ile ile nje ya Balambala, kila moja likitimua vumbi lililowakohoza hata ng'ombe wa ng'ambo ya Tana. La Jumatatu lilikuwa la watafiti wa chanjo. La Jumatano, la watafiti wa ujauzito. La Alhamisi, la watafiti wa presha na sukari. Kila gari lilishusha dawa zake zahanati asubuhi, kisha likazunguka manyumbani na fomu zake, na kila fomu ilianza kwa swali lile lile: mama, una watoto wangapi?

Istahil aliwakaribisha wote kwa chai ya maziwa ya ngamia, maana mgeni ni mgeni hata akija na kalamu. Kisha akampa kila mmoja namba yake, kama mtu anavyogawa tende.

Yahye, mkubwa wa gari la tatu, alitabasamu aliposikia "sina". Yeye mzaliwa wa Garissa, mila hafundishwi. Aliwanong'oneza wenzake kwamba wanawake wa huku hawahesabu watoto mbele ya mgeni, wanaogopa kijicho. Akahesabu vikombe vya plastiki vilivyoanikwa juani, akatafakari kidogo, akaandika sita.

Istahil alimwona akiandika, akamwongezea chai. Alikuwa na lake.

Zahanati ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Jumatatu ilikuwa chanjo tu. Jumatano wajawazito tu. Alhamisi presha na sukari tu. Na Fatumo, binti wa dada yake, alikuwa navyo vyote: mtoto wa kuchanjwa mgongoni, mwingine tumboni aliyekaribia kufika, na presha iliyomvimbisha miguu hadi viatu vikamkataa. Safari tatu kwa juma moja. Muuguzi alikuwa amemwonya kwamba asipopumzika, hatamfikisha huyo mtoto salama. Apumzike siku gani, hakumwambia.

Habari zilikuwa zimefika sokoni kwamba kuna wafadhili wenye fedha za miaka mitatu. Walitaka ufanyike utafiti mmoja wa pamoja: je, huduma hizi zote zinaweza kutolewa siku moja, chini ya paa moja? Sharti lilikuwa moja tu. Taasisi tatu zitie saini mpango mmoja kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo fedha zinakwenda kwingine. Lakini taasisi zenyewe hata salamu zilikuwa hazipeani. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walikuwa watatu.

Basi ripoti tatu zilipowekwa mezani Garissa, nyumba namba kumi na saba ilikuwa na watoto wanne, saba na sita. Daktari Mueni, msimamizi wa fedha za wafadhili, alizitazama mara mbili. Akasema hatoi hata senti kabla hajaiona nyumba hiyo kwa macho yake. Na wakubwa wote watatu wapande gari lake.

Walifika Alhamisi, wamebanana kiti cha nyuma kama mbuzi wa kupelekwa mnadani. Istahil aliwatandikia mkeka mmoja.

Yahye hakungoja chai, ingawa alimwita shangazi kwa heshima ya Kisomali. "Eddo, umetuaibisha. Huoni haya?"

"Haya ninayo, mwanangu," Istahil alisema. "Lakini watu wa huku waliwaambia ukweli miaka yote, mkaja na magari matatu. Mimi nimewaambia uongo kidogo tu, leo mmekuja na moja."

Yule wa chanjo akamweleza kwa upole kwamba uongo huharibu utafiti, na fedha zinaweza kupotea. Istahil akamjibu kwamba na zipotee. Alikuwa amekwisha kupita nyumba hadi nyumba, na wanawake wote walikubaliana: hakuna atakayejibu swali lingine, la chanjo wala la sukari, mpaka saini ziwe kwenye karatasi moja.

"Fomu ni zenu," alisema. "Mdomo ni wangu. Chai ipo, na jua hili ni letu sote. Kaeni."

Wakakaa. Daktari Mueni akautoa mpango mkobani, akauweka katikati ya mkeka. Saa nzima ikaishia kwenye ubishi wa jina la nani litangulie. Hatimaye Istahil akaamua kwamba waandikwe kwa kufuatana na walivyomaliza chai. Yahye akawa wa mwisho, maana alikuwa amesusa.

Wakatia saini. Kuanzia Jumatatu, zahanati itajaribu siku moja, foleni moja, huduma zote.

Daktari Mueni akafungua fomu mpya, safi, ukurasa wa kwanza wa utafiti mpya. "Sasa, mama, tuanze na ukweli. Una watoto wangapi?"

"Sina."

Yahye akaguna. "Eddo, mzaha umekwisha. Hii nyumba ina watoto."

"Nyumba inao, tena watano. Lakini nyumba si yangu, ni ya Fatumo. Mimi huja kumlindia mbuzi siku za kliniki tu." Istahil akammiminia chai nyingine. "Mwenyewe hamjawahi kumkuta. Kila mkija hapa, yeye yuko kwenye foleni yenu."